Chai Niliyomwaga Migombani

Kwa karibu miaka miwili mama yangu aliamini kwamba ninakufa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikimwaga chai yake migombani, nyuma ya jiko, na yeye alikuwa akiniona.

Ninaandika haya nikiwa mzima, kitambi kikiwa pale pale, na sioni dalili ya kukoma kufundisha, jambo ambalo wanafunzi wangu wanalihuzunikia. Afya yangu haikuwa hatarini hata siku moja. Kilichokuwa hatarini ni usingizi wa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, anayeishi milimani karibu na Nunguni na ng'ombe mmoja wa gredi, yaani wa kizungu, wa maziwa mengi. Usingizi huo nilimnyima mimi, kifungua mimba wake, huku nikijisifu moyoni kwamba namhurumia.

Ili nieleweke, lazima nieleze chai. Kwetu Ukambani chai ni ya maziwa. Mgeni akiingia, sufuria hubandikwa kabla hajakaa vizuri, na maji yakiongezwa huongezwa kwa siri. Chai isiyo na maziwa tunaiita strungi, na strungi ina siku zake: siku ng'ombe amekauka, siku ya matanga watu wakizidi, au siku unakunywa peke yako na hakuna anayekutazama. Kumpa mgeni strungi ni kumwambia kwamba mambo ni mabaya. Mgeni kuomba strungi ni vibaya zaidi, kwa maana anakuambia kwamba ameshaona mambo ni mabaya, na amekuhurumia. Nimeona mwanamke akitoka kwa mlango wa nyuma na kikombe chini ya leso, kwenda kuomba maziwa kwa jirani, huku mumewe akiwachelewesha wageni sebuleni kwa habari za mvua.

Utotoni tulikuwa na ng'ombe wa kienyeji aliyetoa maziwa kana kwamba anatufadhili. Chai yetu ilikuwa na rangi ya maziwa, si maziwa yenyewe. Shule ya bweni ilinipa chai ya rangi ya mto uliofurika. Chuo kikuu kilinipa majani ya chai yaliyochemshwa kwa mara ya tatu. Nilihitimu nikiwa na shahada ya historia na tumbo lisilo na neno. Kisha nikapata kazi ya kufundisha katika chuo cha ualimu mjini Kitui, nikaoa, tukanunua friji, nami nikaanza kunywa bilauri ya maziwa asubuhi na nyingine jioni, kwa kuwa nilidhani ndivyo wanavyoishi wenye nacho. Tumbo langu lilivumilia miaka kadhaa. Nilipovuka arobaini likakataa.

Lilianza na gesi. Saa moja hivi baada ya chai, tumbo lilijaa kama mpira, likanguruma, likakata, halafu nikawa mtu wa kutafuta choo kwa macho kila niingiapo mahali. Kwa kuwa mimi ni Mkenya, nilijua ugonjwa wangu bila kupimwa: ni taifodi. Nilitibiwa taifodi. Ilipokataa kupona nilitibiwa amiba. Amiba ilipokataa, mwenzangu mmoja wa idara ya hisabati, mtu mwenye shahada mbili, aliniambia wazi kwamba hivyo ni vidonda vya tumbo, na kwamba dawa yake ni moja tu, ninywe maziwa kwa wingi. Nilimtii. Wiki ile nisingependa kuikumbuka.

Yaliyonifanya nitafute msaada wa kweli yalitokea Kyuso. Nilikuwa nimekwenda kukagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima zote za kaskazini ya Kitui, kule ambako mifugo ni mingi na ukarimu hauna mipaka: kikombe kikubwa cha bati, chai ambayo maji hayakuikaribia. Nilikunywa. Aliongeza. Nikanywa tena. Kisha nikaenda kuketi nyuma ya darasa, faili mapajani, kumsikiliza binti mmoja akifundisha ujio wa reli.

Alikuwa akifundisha vizuri. Reli ilikuwa imefika Voi tumbo langu lilipotoa sauti ambayo darasa zima liligeuka kuitafuta. Msichana wa dawati la mbele yangu alinitazama, akaniambia kwa adabu kamili, "Pole, mwalimu." Nilisubiri kidogo, nikiwa nimebana kila kitu kinachoweza kubanwa. Reli ilipokaribia Makindu, nilisimama na kutoka mbio. Choo kilikuwa upande wa pili wa uwanja wa mpira, na madarasa yote ya shule ile yanatazama uwanja wa mpira.

Niliporudi, kipindi kilikuwa kimekwisha na yule binti alikuwa amesimama kando ya ubao akilia.

"Mwalimu, ni somo langu?"

"La, la. Somo lako ni zuri sana."

"Basi mbona ulitoka mbio?"

"Nilikuwa nimeona ya kutosha," nilimwambia, na akalia zaidi.

Nilimpa alama ambazo sijawahi kumpa mtu. Natumaini alizistahili.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye zahanati moja mjini Kitui, nikiwa tayari kabisa kutibiwa taifodi kwa mara ya nne. Aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana aliyevaa viatu vya raba, na badala ya kuandika dawa akaanza kuuliza. Nakula nini? Nakunywa nini? Huchukua muda gani kabla ya tumbo kuanza? Siku nikiwa safarini, nisipokunywa chai ya nyumbani, huwaje? Nilishangaa jinsi majibu yangu yalivyokuwa yakisema jambo lile lile, nami ndiye mtu ambaye huwafundisha wengine kusoma ushahidi.

"Mwalimu, huu si ugonjwa," alisema. "Tumbo lako limeachishwa kunyonya. Wewe tu ndiye hujakubali."

Alinichorea utumbo nyuma ya karatasi. Maziwa, alisema, yana sukari yake. Mtoto anayenyonya huwa na kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, lakini kwa watu wazima wengi kimeng'enya hicho hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wengine hubaki nacho maisha yote, wengine hawabaki nacho. Sukari isiyovunjwa huteremka mpaka utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, na hapo hupatikana gesi, maji na fedheha. Neno fedheha ni langu. Yeye alitumia lingine. Akaniambia niache maziwa kwa wiki mbili, kisha ninywe bilauri moja siku nisiyo na safari, nijionee. Akaniambia pia kwamba maziwa lala huenda nikayaweza, kwa kuwa yale ya kuchacha sehemu ya sukari yake imeshaliwa. Na akanionya, kidole kikiwa juu, kwamba nikianza kukonda bila sababu, au kuona damu, au kuumwa hata bila maziwa, nirudi mbio, maana hilo litakuwa jambo jingine.

Niliacha maziwa. Siku ya nne tumbo lilikuwa kimya kama ofisi ya serikali Ijumaa alasiri. Baada ya wiki mbili nilikunywa ile bilauri, na kufikia saa ya chakula cha mchana nilikuwa na jibu. Bado namshukuru daktari yule kila ninapopita mbele ya zahanati yake, ingawa nadhani amenisahau. Hakuniuzia dawa hata moja.

"Kwa hivyo miaka yote hii ni maziwa tu?" mke wangu aliuliza.

"Ni maziwa tu."

"Mwambie mama yako, basi, kabla hujaenda tena kule."

"Nitamwambia."

Sikumwambia.

Nitajaribu kujitetea, ingawa najua utetezi wangu hautafika mbali. Yule ng'ombe wa gredi tulimnunulia mama, mimi na dada yangu, alipozeeka na kuacha kushughulika na shamba la kahawa. Tulidhani tunampa kitu cha kumshughulisha. Tulimpa kazi ya kutwa. Huamka gizani kukata majani ya nepia, hukama mwenyewe, huzungumza na ng'ombe huyo kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwetu. Na kila siku niliyotarajiwa kufika, maziwa ya asubuhi hayakuuzwa. Yalikuwa yangu. Aliyachemsha kwenye sufuria aliyoitenga kwa kazi hiyo peke yake, akayapika na majani mpaka chai ikawa na rangi ya udongo wa Nunguni mvua ikishanyesha, akaniletea kikombe na kusimama pale, mikono kiunoni, mpaka nimeze funda la kwanza.

Ningemwambiaje kwamba kile kikombe kinanitesa? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, na lilikuwa swali zuri, la mtu mwenye hisia. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Mtu anayelipwa kuwafundisha watu wazima kujenga hoja alishindwa kumwambia mama yake sentensi ya maneno manne.

Nikatafuta hila. Mara ya kwanza nilisema nimekunywa njiani. Mara ya pili nilisema nimefunga, na hilo lilimfurahisha, kwani kwa miaka mingi alikuwa na wasiwasi kuhusu roho yangu. Mara ya tatu nilisema tena nimefunga, naye akanitazama sana.

"Unafunga kwa ajili ya nini, mwana wakwa?"

"Kwa ajili ya taifa, mwaitu," nilijibu, kwani ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Hakuuliza zaidi. Baada ya hapo nikahamia kwenye migomba. Nilikuwa nikitoka na kikombe changu mkononi, nikijifanya natazama shamba, nikamwaga chai yote kwenye shina la mgomba, nikarudi nikilamba midomo. Mgomba ule ulizaa mkungu ambao majirani walikuja kuutazama. Nilianza pia kwenda mara chache, na nikienda sikukaa. Na kwa bahati mbaya mke wangu alikuwa ameniingiza katika mpango wa kutembea jioni na kupunguza mafuta, basi nikakonda kidogo. Nilijiona kijana. Nilijitazama kwenye vioo vya magari.

Siku moja mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa karibu, dada yangu alinipigia simu. Ana duka la sufuria na ndoo Sultan Hamud, kando ya barabara kuu, na si mtu wa kupiga simu bila sababu.

"Jumamosi kuna maombi kwa mama. Akina mama wa kanisa wanakuja. Na wewe uje."

"Maombi ya nini?"

"Uje tu. Nipitie dukani twende pamoja."

Nilidhani ni maombi ya mvua. Nilimpitia asubuhi ya Jumamosi, akafunga duka, akaingia garini, tukaacha barabara kuu na kuanza kupanda milima. Kisha akasema akitazama mbele:

"Kaka, uniambie mimi kabla hatujafika. Umebakisha muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Usinifanye mtoto."

"Sikufanyi mtoto. Sielewi unachouliza."

"Mama anakuona ukimwaga chai. Anakuona tangu mwaka jana, kupitia dirisha la jikoni. Baba alianza hivyo hivyo."

Nilisimamisha gari kando ya barabara.

Baba yetu alikufa kwa saratani ya tumbo nilipokuwa chuo kikuu. Mimi nilimwona mwishoni tu, niliporudi likizo nikamkuta amekuwa mtu mwembamba anayezungumza kwa shida. Mwanzo sikuuona. Dada yangu, aliyekuwa bado nyumbani, aliuona, na siku ile garini ndipo aliponieleza. Baba aliyependa chai kuliko sisi sote aliweka kikombe chini asubuhi moja, akasema haina ladha. Kesho yake akasema ameshiba. Baadaye, ili mama asiumie, akawa anatoka nayo nje kana kwamba anakwenda kutazama shamba, na kuimwaga. Mama aliukuta udongo ukiwa na rangi ya chai. Alijua kabla ya hospitali kujua.

"Hajamwambia mtu ila mimi, na juzi akawaambia wale wamama," dada yangu alisema. "Anasema akiuliza utamdanganya, kama baba. Basi anaomba. Usiku kucha anaomba. Sasa niambie."

"Ni maziwa," nilisema.

"Nini ni maziwa?"

"Tumbo langu haliyawezi maziwa. Nikinywa, naharisha. Nisipokunywa, niko sawa. Daktari alinieleza."

Alinigeukia taratibu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Alinipiga na mkoba wake, begani, mara tatu, na mkoba wa mwenye duka si mwepesi. Kisha akalia, kisha akanipiga tena.

"Utamwambia leo. Tukifika tu. Kabla mtu hajaomba neno lolote."

"Nitamwambia."

Na nilikusudia, kwa kweli. Lakini tulipofika uwanja ulikuwa tayari umejaa viti vya plastiki, na akina mama kama kumi na wawili, vitambaa vyeupe kichwani, wakinyamaza kwa pamoja waliponiona, jinsi watu wanavyomnyamazia mgonjwa. Mama alitoka jikoni. Hakunisalimu kwanza. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akanipa, akasimama kunitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili niliyatazama macho yake badala ya kutazama mahali pa kumwaga.

Hapo nikafikiri kisomi. Nilijiambia: anaamini ninakufa kwa sababu sinywi. Kwa hivyo nikinywa, ataamini ninaishi. Maelezo yatafuata baadaye. Ilikuwa hoja safi isiyo na kasoro ila moja, na kasoro hiyo ilikuwa ndani ya tumbo langu.

Nikainua kikombe, nikakinywa chote bila kupumua. Nikakirudisha. "Nyingine ipo?"

Wamama wakapiga vigelegele. Mama akaketi ghafla kwenye kiti cha karibu, akafunika uso kwa leso. Mtu mwingine ndiye aliyeniletea kikombe cha pili. Dada yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, alifumba macho na kutikisa kichwa.

Niliwekwa katikati ya duara, nikapiga magoti, mikono ikawekwa kichwani na mabegani mwangu. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, alimshukuru Mungu kwa kujibu hata kabla ya kuombwa. Waliimba. Wakaomba mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na haraka. Niliyasikia majina yote ya magonjwa yakifukuzwa kutoka kwangu, mengine sikuwa nimewahi kuyafikiria. Kisha ngurumo ikaanza.

"Pepo anatoka!" mmoja alisema kwa furaha. "Sikieni, anatoka!"

Walizidisha sauti. Ngurumo ikazidi. Nilijikaza kwa muda ambao najivunia hadi leo, halafu nikajiondoa chini ya mikono ile yote, nikaruka mguu wa mtu, nikakimbia kuelekea choo cha mabati kilicho nyuma ya migomba. Nyuma yangu wimbo ulikatika katikati ya mstari.

Nikiwa mle ndani nilisikia hatua. Nazijua hatua za mama. Zilisimama nje ya mlango.

"Mwana wakwa."

"Mwaitu."

"Kuna damu?"

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuulizwa swali lenye miaka mingi ndani yake kama lile.

"Hakuna damu."

"Baba yako pia alisema hakuna."

"Mwaitu, ni maziwa."

"Maziwa gani?"

"Yoyote."

"Hata yangu?"

"Yako, ya jirani, ya pakiti, ya Kyuso. Tumbo langu haliyawezi siku hizi. Nilikwenda kwa daktari, akaniambia si ugonjwa. Nisipokunywa, sina shida yoyote. Nilikuwa namwaga ili usijisikie vibaya."

"Na kukonda?"

"Natembea jioni. Ni mke wangu. Ananilazimisha."

Nilisikia mkono wake ukigusa bati la mlango, ukabaki pale.

"Tangu lini unajua?"

"Karibu miaka miwili."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida la shamba:

"Kile kipande kilicho kando ya baba yako. Misimu mitatu sijapanda kitu pale. Nilikuachia nafasi."

Mabati yalikuwa na tundu moja la msumari, na kupitia hapo niliona kipande kidogo cha leso yake, cha buluu, kikipanda na kushuka. Nilisema, "Nisamehe, mwaitu." Alisema, "Maliza utoke," na hatua zikaondoka.

Nilichosikia baadaye ni sauti yake uwanjani, kubwa kuliko ya kiongozi wa maombi: "Si saratani! Ni maziwa! Hawezi maziwa!" Nyumba za ng'ambo pia zilisikia, na tangu siku hiyo hakuna mtu kule ambaye hajui hali ya utumbo wangu. Kulikuwa na kicheko cha mmoja, kisha cha wote, kile kicheko cha watu waliokuwa wamejiandaa kwa matanga.

Nilipotoka, nikiwa nimenawa na kuiacha heshima yangu kule nyuma, nilikuta mabishano yameanza. Mmoja wa wazee wao, bibi mdogo wa umbo aliyeshikilia fimbo, alikuwa akisema, "Hata mimi. Nikinywa, siku nzima tumbo ni ngoma."

"Wewe!" mama akamrukia. "Si Jumanne ulikunywa vikombe viwili hapa kwangu?"

"Ningekataaje? Ungesema nimekuja kuona umaskini wako."

"Na mimi," mwingine alisema polepole, akitazama chini.

"Na wewe?"

"Mimi hunywa nusu. Nusu nyingine huwa nampa mwenzangu hapa, ukigeuka."

Aliyetajwa akakubali kwa kichwa, bila haya. Kiongozi wa maombi, aliyekuwa amesimama na Biblia kifuani, alisema kwamba yeye tumbo lake ni zima kabisa, ila hewa tu, ila nyingi. Walicheka mpaka mmoja akateleza kitini. Ilionekana kwamba kwa miaka mingi kikundi kile kilikuwa kikizunguka nyumba kwa nyumba kila wiki, kila mwenye nyumba akipika maziwa yake yote kwa heshima ya wageni, na karibu nusu ya wageni wakiyanywa kwa heshima ya mwenye nyumba, kisha wakienda kuteseka kwao.

Mama aliingia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya jiko na sufuria ya maji matupu, akiyatazama.

"Majani unaweka kiasi gani?" aliuliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani? Mimi sijawahi kumpikia mgeni kitu kama hiki."

Alitia kama ya chai ya maziwa, kiganja kizima. Ilitoka nyeusi kama wino. Aliibeba birika mwenyewe hadi uwanjani, kidevu juu, mbele ya wanawake wote wanaojua kwamba ana ng'ombe anayekamwa, akasema, "Anayetaka strungi aseme. Hapa hakuna atakayedhani sina maziwa." Alimimina changu kwanza. Ilikuwa chungu, ikakausha ulimi. Nilikinywa kikombe kile hadi majani ya chini, nikaomba kingine, na safari hii sikuwa namdanganya mtu.

Wageni walipoondoka alianza. Alisema shati langu lina kola chafu. Alisema mwanamume wa umri wangu anayejificha choo cha mama yake kama mwanafunzi anayevuta sigara ni aibu kwa chuo chake. Alisema nimemwagia mgomba chai ya majani mazuri, na kwamba mke wangu ana akili na mimi sina, na kwa nini sikumleta. Aliuliza lini mara ya mwisho nilipiga rangi nyumba. Dada yangu alikuwa ameegemea mlango akitabasamu, bila nia yoyote ya kunisaidia. Ndipo nilipotambua kwamba katika miaka miwili mama hakuwa amenigombeza hata mara moja. Alikuwa amezungumza nami kwa upole, akinishika mkono, akisema sawa kwa kila kitu. Nilikuwa nimefikiri anazeeka vizuri.

"Na unakaa?" aliniuliza. "Mvua iko juu ya kilima. Chukua jembe."

"Sasa hivi?"

"Unataka nikilime mimi kile kipande?"

Nikavua viatu vya chuo, nikakunja suruali, nikaenda. Udongo wa pale, kando ya kaburi la baba, ulikuwa umepumzika misimu mitatu, na magugu yake yalikuwa na mizizi ya watu wenye makao. Nililima nafasi yangu mwenyewe kwa urefu na kwa upana, jasho likinitoka, malengelenge yakiota, nikiwa na furaha ambayo sikujua niielekeze wapi ila kwenye jembe. Mama alinifuata na mbegu za maharagwe kwenye bakuli, akasimama mwisho wa mstari.

"Unakwaruza," alisema. "Hujachimba. Baba yako angelia. Rudia kutoka pale."

Nikarudia kutoka pale.